Umri wa Mtoto na Umri wa Ngoma

Yako mambo mawili ambayo watu wameyachanganya kwa muda mrefu, na katika kuyachanganya wamewanyima watoto haki yao na wazee heshima yao. La kwanza ni umri wa mtoto anayejifunza kucheza ngoma. La pili ni umri wa ngoma yenyewe katika historia ya watu. Mtoto huzaliwa, hutambaa, husimama dede, hutembea, hata akawa mtu mzima. Je, na ngoma za mataifa hupita njia hiyo hiyo? Ziko ngoma zilizo bado changa, na nyingine zilizokwisha komaa? Wenye elimu wengi wa Ulaya na Marekani walijibu zamani kwamba ndivyo, na jibu lao lilifika mpaka vijijini kwetu, ijapokuwa wengi hawakulisikia kwa jina lake. Twataka kueleza jinsi jibu hilo lilivyozaliwa, jinsi lilivyoanguka, na faida iliyobaki kwa sisi tulio na kazi ya kuwalea na kuwafundisha watoto.

Elimu inayohusika hapa ni saikolojia ya makuzi, yaani ile elimu ya nafsi inayochungua jinsi mwili na akili ya mtoto vinavyokua pamoja tangu siku ya kuzaliwa. Si elimu ya kale sana. Kabla yake walikuwako walimu wa ngoma, na watoto walifundishwa, lakini walifundishwaje?

Na tuanze na Ulaya, maana huko twaweza kuifuata shule ya ngoma tangu msingi wake. Mwaka 1661 Mfalme Louis wa 14 wa Ufaransa, aliyependa mno kucheza mwenyewe mbele ya watu, aliweka katika Paris chama cha walimu wa dansi, ili watengeneze kanuni za uchezaji. Mwaka 1713 ikawekwa shule ya dansi ya Opera ya Paris. Mwaka 1738 Mfaransa mmoja, Jean-Baptiste Landé, akafungua shule katika St. Petersburg, nchi ya Urusi, kwa idhini ya Malkia Anna. Akaanza na watoto 24, wavulana 12 na wasichana 12, nao walikuwa watoto wa watumishi wa jumba la kifalme. Dansi iliyofundishwa katika shule hizo ndiyo iitwayo baleti.

Kanuni za baleti zilitungwa kwa miili ya watu wazima, nazo hutaka miguu igeuzwe nje, visigino vikutane na vidole vielekee kulia na kushoto. Mtoto alihesabiwa kuwa mtu mzima mdogo, tofauti yake ni kimo tu. Basi palikuwa na chombo cha mbao ambamo mwanafunzi alitiwa miguu yake, ikabanwa na kugeuzwa kwa nguvu, ili apate haraka umbo lile linalotakiwa. Mwaka 1760 mwalimu mkuu wa dansi, Jean-Georges Noverre, alitoa kitabu cha barua juu ya kazi yake, na humo alikilaumu chombo hicho, kwamba hakileti kinachotafutwa bali chaharibu mwili.

Noverre alisema kweli, na leo sababu yake yajulikana vizuri. Mguu hugeuka nje kutoka kiungo cha nyonga. Ukiushika wayo na kuugeuza kwa nguvu, walipinda goti na kifundo, wala nyonga haina habari. Tena mifupa ya mtoto bado ina gegedu penye ncha zake, na gegedu hilo hugeuka kuwa mfupa mgumu polepole, hata mwisho wa ujana. Ndiyo sababu walimu waangalifu wa baleti hawamruhusu msichana kusimama juu ya ncha za vidole, kama alivyofanya Marie Taglioni mbele ya watu wa Paris mwaka 1832, kabla hajafika miaka 11 au 12. Na hata hapo huzitazama nguvu zake na muda aliojifunza, wala hawahesabu miaka peke yake.

Hilo lilikuwa kosa la kwanza: kumfanya mtoto kuwa mtu mzima. Na tuliweke akilini, maana tutalikuta tena karibu na nyumbani.

Baadaye walitokea watu waliosema kwamba mtoto hana budi kutazamwa jinsi alivyo. Jean-Jacques Rousseau aliandika hivyo mwaka 1762 katika kitabu chake kiitwacho Émile. Friedrich Froebel wa Ujerumani alifungua mwaka 1837 mahali pa kulelea watoto wadogo kwa michezo, na mwaka 1840 akapaita bustani ya watoto. Humo watoto waliimba na kuzunguka katika duara. Mwaka 1877 Charles Darwin alichapisha habari alizoandika siku kwa siku juu ya mtoto wake mwenyewe, na mwaka 1882 Wilhelm Preyer akatoa kitabu kizima juu ya nafsi ya mtoto. Ndipo watu wakaanza kupima na kuandika: mtoto hushika kitu lini, husimama lini, huanza kusema lini. Kazi hiyo ilikuwa njema.

Lakini pamoja na ngano yaliota magugu. Mwaka 1866 Mjerumani Ernst Haeckel alikuwa amefundisha kwamba kila kiumbe, kikikua tumboni, hurudia kwa ufupi safari yote ya wazazi wake wa kale. Wengine wakalichukua fundisho hilo la miili wakalitia katika nafsi. Wakasema kwamba mtoto wa Ulaya, katika kukua kwake, hupita hali za mataifa yote: kwanza huwa kama watu wa kale wa mapangoni, kisha kama wale waliowaita washenzi, mwisho hufika kwenye ustaarabu. Mkubwa wao katika Marekani alikuwa G. Stanley Hall, aliyetoa mwaka 1904 vitabu viwili vikubwa juu ya ujana. Humo aliandika maneno mazuri juu ya ngoma na faida yake kwa vijana. Lakini humo humo aliweka mlango mzima juu ya mataifa aliyoyaita mataifa vijana, na Waafrika wakawa miongoni mwao. Msomaji na aone hila ya fundisho hilo. Ikiwa mtoto wa Ulaya ni kama Mwafrika mzima, basi Mwafrika mzima ni kama mtoto wa Ulaya, hata akiwa na mvi.

Fundisho hilo likaingia upesi katika kufundisha ngoma. Luther Gulick, aliyesimamia mazoezi ya mwili katika shule za New York na aliyeyapokea mawazo ya namna hiyo, alitoa mwaka 1910 kitabu cha kuisifu dansi kwa afya. Katika mji huo huo tangu mwaka 1905 Elizabeth Burchenal aliwafundisha wasichana wa shule ngoma za wakulima wa nchi za Ulaya. Watoto walifurahi, nao walipata nguvu. Jambo lenyewe lilikuwa jema. Ila sababu iliyotolewa na wengi ni kwamba ngoma za kale zamfaa mtoto kwa kuwa mtoto naye yumo katika hali ya kale.

Mfano wa kutazamwa zaidi ni Isadora Duncan, mwanamke wa Marekani aliyeikataa baleti na vifungo vyake. Mwaka 1904 alifungua shule katika Grunewald, karibu na Berlin. Watoto walicheza bila viatu, wakafundishwa kutembea, kukimbia na kuruka jinsi mwili upendavyo. Kwa hiyo yeye alimfungua mtoto kutoka katika chombo cha mbao. Lakini katika kitabu cha maisha yake, kilichotoka mwaka 1927, aliitukana midundo ya watu weusi wa Marekani, akaihesabu kuwa ni sauti ya ushenzi isiyoweza kusema kwa niaba ya nchi yake. Mtu mmoja alimpa mtoto uhuru wake, akawanyima watu wazima heshima yao.

Hata historia ya ngoma ikaandikwa kwa ngazi hiyo. Mwaka 1933 Curt Sachs, bingwa wa elimu ya muziki, alitoa kwa Kijerumani historia ya ngoma za dunia nzima, nayo ikatafsiriwa kwa Kiingereza mwaka 1937. Sachs alikuwa mtu wa elimu nyingi, naye mwenyewe aliondolewa kazini mwaka ule ule wa 1933 kwa kuwa alikuwa Myahudi. Hatumtaji kwa dharau. Lakini kitabu chake kilizichukua ngoma za watu walio hai, wa Afrika na Asia na visiwa vya bahari, kikazipanga pamoja na enzi ya mawe, kana kwamba watu hao walisimama pale pale tangu zamani hizo wakiwangoja wenye elimu waje kuwatazama. Kwa muda mrefu wanafunzi wa ngoma walisoma hivyo: mwanzo wa kitabu ni sisi, mwisho wa kitabu ni wao.

Hilo ndilo kosa la pili: kulifanya taifa la watu wazima kuwa mtoto. Na matunda yake yalionekana kwetu. Wageni wengi waliofika Afrika ya Mashariki walizitazama ngoma kwa macho mawili tu. Wengine walizihesabu kuwa dhambi, wakazipiga marufuku zote pamoja bila kuchagua. Wengine walizihesabu kuwa mchezo wa watoto wakubwa, wakacheka. Ni wachache waliouliza kwanza: ngoma hii imetungwa na nani, lini, kwa sababu gani, na mtu hujifunzaje kuicheza?

Na tutwae ngoma moja iwe shahidi, nayo ni Beni, kwa kuwa historia yake imeandikwa; mwaka 1975 Terence Ranger alitoa kitabu kizima juu yake. Beni ilianza katika miji ya pwani yetu katika miaka ya 1890, na jina lake latokana na bendi. Watu waliona gwaride na tarumbeta za Wazungu, wakazitwaa, wakazitengeneza kwa namna yao. Palikuwa na vyama viwili vilivyoshindana, Marini na Arinoti, kila kimoja kina wakuu wake wenye vyeo kama vya jeshi na manowari, kina michango, tena wanachama walisaidiana katika shida na kuzikana. Vita ya 1914 hadi 1918 ikaichukua Beni pamoja na askari na wapagazi mpaka bara, ikafika Nyasa na Rodesia ya Kaskazini na Kongo, na huko ikazaa ngoma nyingine. Sasa, hiyo ni ngoma ya enzi ya mawe? Ilikuwa mpya kuliko baleti kwa zaidi ya miaka 200. Ilitungwa na watu wazima wenye akili timamu, waliouona ulimwengu mpya ukija juu yao wakatafuta namna ya kusimama ndani yake.

Fundisho la kurudia safari limeanguka pia kwa upande wa elimu yenyewe. Wenye elimu ya viumbe waliliacha fundisho la Haeckel kama alivyolisema, kwa kuwa kiumbe kinachokua hakipiti katika maumbo ya wazazi wake wazima wa kale. Mwaka 1911 Franz Boas alionyesha ya kwamba akili za mataifa hazitofautiani kwa ngazi ya utoto na utu uzima. Katherine Dunham, mwanamke mweusi wa Marekani, alikwenda mwaka 1935 na 1936 kuzichungua ngoma za Haiti na visiwa vya jirani, kisha akatengeneza kutoka kwake njia kamili ya kuuzoeza mwili, akaifundisha katika shule yake New York. Waliojifunza kwake walijua kwa miguu yao kwamba ngoma zenye asili ya Afrika zataka miaka ya mazoezi kama ngoma nyingine yoyote. Na mwaka 1970 Joann Kealiinohomoku aliandika insha akiitazama baleti kama mgeni aitazamavyo ngoma ya kijiji, akaonyesha kwamba hiyo nayo ni ngoma ya kabila: ina mavazi ya kwao, hadithi za kwao, ndege na wanyama wa kwao, na mawazo ya kwao juu ya mwanamume na mwanamke. Basi hapana ngoma isiyo na kwao.

Wakristo wasomao Agano la Kale hawakupaswa kuhitaji hoja hizo zote. Daudi alipocheza mbele ya sanduku hakuwa mtoto, alikuwa mfalme; na Miriamu alipotwaa tari kando ya bahari alikuwa nabii mke.

Pengine msomaji atauliza: ikiwa fundisho hilo ni bovu, kwa nini tusiitupe saikolojia ya makuzi yote pamoja? La, tusifanye hivyo. Mtoto kweli hukua kwa hatua. Ni mataifa tu yasiyokua kama mtoto. Magugu yakisha kung'olewa, ngano ibaki. Nayo ngano ni nyingi.

Twajua sasa kwamba mdundo huanza kumwingia mtoto mapema sana. Mwaka 2009 István Winkler wa Hungaria na wenzake waliwapima watoto wa siku mbili tatu hali wamelala, wakaona kwamba ubongo wao watambua pigo kuu la ngoma linaporukwa. Mwaka 2005 huko Kanada, Jessica Phillips-Silver na Laurel Trainor waliwasikiliza watoto wa miezi 7 mdundo usio na mkazo, huku wakiwarusharusha. Wengine waliruswa kila pigo la pili, wengine kila pigo la tatu. Baadaye kila mtoto alipendelea kuusikiliza mdundo uliofanana na jinsi alivyoruswa. Maana yake, masikio ya mtoto hufundishwa na mwili wake. Mama acheze au atwange hali mtoto yu mgongoni, mtoto yumo darasani tayari. Wazee walisema, mwana hutazama kisogo cha nina. Twaweza kuongeza kwamba husikiliza kwa mgongo wa nina pia.

Mwaka 2010 Marcel Zentner na Tuomas Eerola waliwatazama watoto 120 wa miezi 5 hadi 24, wakaona kwamba hutikisa mwili zaidi kwa muziki kuliko kwa maneno ya kawaida, na anayekaribia kuufuata mdundo hutabasamu zaidi. Lakini kuufuata sawasawa bado hawawezi. Mwaka 2009 huko Ujerumani, Sebastian Kirschner na Michael Tomasello waliwapa ngoma watoto wa miaka miwili na nusu hadi minne na nusu. Wote waliufuata mdundo vizuri zaidi walipopiga pamoja na mtu kuliko walipopiga pamoja na mashine. Na mwaka 2014 Laura Cirelli na wenzake wa Kanada walionyesha kwamba mtoto wa miezi 14 aliyeruswa kwa mdundo mmoja na mtu mzima aliyekuwa mbele yake, alikuwa mwepesi zaidi wa kumsaidia mtu huyo alipoangusha kitu. Kucheza pamoja, basi, hujenga urafiki hata kabla mtoto hajajua kusema vizuri.

Jambo jingine linatoka karibu nasi zaidi. Mwaka 1976 Charles Super alitoa habari za watoto wa Wakipsigis wa Kokwet, nchi ya Kenya. Watoto hao walikaa na kutembea mapema kuliko watoto wa Marekani. Lakini hawakutangulia katika kila jambo. Katika kutambaa hawakuwapita. Sababu yake ilionekana: mama zao waliwafundisha kukaa na kutembea kwa kusudi, wala hawakuwafundisha kutambaa. Basi hata ngazi ya mtoto mwenyewe haikufungwa na misumari mahali pote sawa. Malezi ya nyumbani huisogeza. Mwalimu asimpime mtoto wa kijiji chake kwa jedwali lililoandikwa juu ya watoto wa mji wa mbali. Na amtazame aliye mbele yake.

Sasa kuhusu kufundisha. Jean Piaget wa Uswisi alieleza kwamba mtoto hadi miaka 2 hivi hujua ulimwengu kwa mikono na miguu yake; kisha hata miaka 7 huishi sana katika kuigiza; toka hapo hata miaka 11 huweza kushika kanuni na mpango wa vitu anavyoviona; na baadaye huanza kufikiri juu ya mambo yasiyoonekana. Waliofuata wamesahihisha miaka hiyo, lakini mfuatano wenyewe wasaidia. Lev Vygotsky wa Urusi aliongeza neno la maana: usitazame tu yale mtoto awezayo peke yake, tazama na yale awezayo akisaidiwa na aliyemtangulia. Na ngomani ndivyo ilivyo, mdogo husimama nyuma ya mkubwa, akaiga.

Wako walimu waliojenga juu ya msingi huo. Margaret H'Doubler wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, ambacho mwaka 1926 kilianza kutoa shahada kwa masomo ya ngoma, hakuanza kwa kuonyesha hatua za kuigwa. Aliwalaza wanafunzi sakafuni ili wavitambue viungo vyao kwanza. Rudolf Laban, aliyekimbilia Uingereza mwaka 1938, alitoa mwaka 1948 kitabu chenye mafundisho 16 ya mwendo, ya kwanza kwa watoto wadogo na ya baadaye kwa wakubwa. Wote wawili waliuliza kwanza umri wa mtoto, kisha wakatafuta fundisho.

Na wazee wetu je? Wao nao walijua kupanga kwa umri. Watoto walikuwa na michezo yao ya mbalamwezi; vijana wakawa na ngoma zao; ngoma za jando na unyago zilikuwa na wakati wake na walimu wake, wala mtoto hakuruhusiwa kuzichungulia. Huko Masasi, Vincent Lucas, aliyekuwa askofu tangu 1926 hadi 1944, aliona kwamba jando lilikuwa shule iliyopangwa kwa umri, akataka litengenezwe kwa namna ya Kikristo kuliko kufutwa. Watu walibishana juu ya kazi yake, na hatutaki kuukata ubishi huo hapa. Twasema tu kwamba yeye aliuliza swali ambalo wengi hawakuliuliza: ngoma hii yamfundisha nani, na katika umri gani?

Swali hilo ndilo linalotupasa sisi. Mara nyingi shule ikitazamia mgeni, watoto wa miaka 8 huvishwa mavazi ya watu wazima, hufundishwa ngoma ya watu wazima kwa juma moja au mawili, pengine kwa fimbo, na kuchezeshwa viuno kwa maana wasiyoijua. Mgeni hupiga makofi. Mtoto amepata nini? Hilo ni kosa la kwanza, ni chombo cha mbao cha Ulaya kimerudi kwa sura nyingine. Tena darasani mtoto huyo huyo husikia kwamba ngoma za babu zake ni mambo ya kishamba, zimebaki nyuma. Hilo ni kosa la pili. Mtoto mmoja, siku moja, apatwa na makosa yote mawili.

Twashauri hivi. Mtoto mdogo wa miaka 3 hadi 6 na acheze duara, aige kuku na kanga na mawimbi, apige makofi pamoja na mtu, wala asisahihishwe mguu kila mara. Wa miaka 7 hadi 11 na ajifunze mistari, zamu, kuhesabu mapigo na kuitikia. Hapo hupenda kanuni, na akikosea hujirekebisha mwenyewe. Kijana wa miaka 12 na zaidi mwili wake hurefuka ghafula, mikono na miguu ikawa kama si yake, naye huona haya mbele ya wenzake. Huyo asichekwe, apewe muda, apewe na kazi ya kutunga.

Kadhalika historia ya ngoma ifundishwe kwa kadiri ya umri. Mdogo na amwulize bibi yake: ulipokuwa kama mimi mlicheza nini? Aliyefika miaka 9 au 10 na aandike majina ya ngoma za kijiji, vyombo vyake na watu walioleta kila moja. Kijana mkubwa na aulize lini na kwa nini: ni vita gani iliyoileta, ni njia gani ya biashara, ni nani aliyeikataza na kwa hoja gani. Akifanya hivyo ataona mwenyewe kwamba ngoma zetu zina miaka na watunzi na mageuzi, kama zilivyo za Paris.

Kwa wazazi twasema neno moja. Kama ngoma fulani haiwafai watoto wenu, ikatazeni kwa sababu iliyo ndani yake, baada ya kuijua. Msiikatae kwa kuwa tu ni ya wazee. Na kama yafaa, msiwanyang'anye wadogo wakati wao kwa kuwaharakisha. Mtoto na aachwe awe mtoto, na mzee ahesabiwe kuwa mzee. Ngoma itawakutanisha uwanjani kila mtu kwa mahali pake.